Sahani, kidonge au dripu? Kuchagua njia ya kurudisha damu ukiwa kijana

Ukisimama kwenye duka la dawa Darajani au Chake Chake ukasema unataka dawa ya kuongeza damu, unaweza kuwekewa juu ya kaunta vitu vinne kwa mpigo: vidonge vya FEFO (chuma pamoja na asidi ya foliki) vya bei ndogo, vidonge vya fumarati (aina nyingine ya chuma) kwenye pakiti inayong'aa, chupa ya sirapu nyekundu, na vidonge vya kutafuna vinavyosifiwa kwamba havisumbui tumbo. Nyumbani nako mtu ameshakuchemshia rosela. Vyote vinaitwa dawa ya damu, lakini kimoja kinaweza kuwa na chuma mara mbili ya chenzake, na kingine hakina chuma cha maana hata ukinywa ndoo. Yanayofaa kulinganishwa ni matatu: miligramu za chuma halisi, kiasi ambacho utumbo utakipokea, na kama utaweza kuendelea nacho kwa miezi minne hadi sita bila kukichoka. Bei na rangi ya boksi ni mambo ya mwisho.

Kabla ya kununua: HB, FBP au feritini?

Kipimo cha tone la kidoleni hutoa HB, yaani wingi wa damu. Mwanamke asiye mjamzito mwenye HB chini ya 12 g/dL ana upungufu. Kwa mwanamme mpaka ni 13. Chini ya 8 ni upungufu mkali kwa wote wawili. Tatizo ni kwamba HB inakuambia damu ni kidogo, haikuambii kwa nini.

FBP, kipimo cha picha kamili ya damu, inaongeza kitu muhimu kinachoitwa MCV, ukubwa wa chembe nyekundu. Ikiwa chini ya 80, chembe ni ndogo, na chuma ndicho mshukiwa wa kwanza. Feritini hupima akiba ya chuma mwilini: chini ya 15 µg/L akiba imekwisha. Lakini feritini hupanda mwili ukiwa na maambukizi, kwa hiyo mtu mwenye homa au ugonjwa wa uvimbe anaweza kusoma 50 na bado akawa hana chuma. Kwa mtu wa namna hiyo mpaka unaotumika ni 70. Ukiwa na fedha ya kipimo kimoja tu baada ya HB, chukua FBP. Feritini ifuate pale ambapo majibu hayaelewani, au pale HB ni nzuri lakini nywele zinanyonyoka na ngazi za ghorofa moja zinakutoa pumzi. Akiba inaweza kukauka miezi kadhaa kabla HB haijashuka.

Kwa watu wa pwani kuna sababu ya ziada ya kutokimbilia vidonge. Selimundu na alfa-thalasemia, magonjwa ya damu ya kurithi, zipo katika ukanda huu. Mwenye thalasemia ndogo, yaani isiyo kali, ana MCV ya chini maisha yake yote, HB yake iko karibu na mpaka, feritini yake ni nzuri, na hata akimeza vidonge mwaka mzima MCV haitapanda. Mwenye selimundu aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma kupita kiasi. Kama kuna selimundu kwenye ukoo wako na hujapimwa, anza na hilo.

Dalili moja watu huionea haya: hamu ya kula udongo, mchele mbichi au barafu. Mwambie daktari. Neno safura lenyewe limebeba mambo haya pamoja, minyoo, weupe wa mwili na tamaa ya udongo, kwa hiyo wazee waliliona zamani. Udongo wenyewe nao hausaidii, kwani baadhi yake hukamata chuma tumboni.

Sahani dhidi ya kidonge

Hesabu ndiyo inayomaliza ubishi hapa. Madaktari hukadiria deni la chuma, yaani miligramu zinazokosekana mwilini, hivi: uzito kwa kilo, mara tofauti ya HB unayoitaka na uliyonayo, mara 2.4, kisha ongeza 500 za kujaza akiba. Msichana wa kilo 50 mwenye HB 8 akilenga 15: 50 × 7 × 2.4 ni 840. Ukiongeza 500 unapata miligramu 1,340.

Chakula kizuri huingiza mwilini miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku, na karibu zote huenda kulipia kinachopotea siku hiyohiyo pamoja na hedhi. Deni halipungui. Kidonge chenye miligramu 60, mwili wenye njaa ya chuma ukikipokea kwa asilimia 10 hadi 20, huleta 6 hadi 12. Kwa wastani wa 9 kila siku, deni lile linalipwa kwa miezi mitano hivi. Basi ukishakuwa na upungufu, chakula peke yake hakitoshi, hata kama jirani anaapa kwamba mchicha ulimponya. Kazi ya sahani ni kuzuia deni lisirudi, na hiyo si kazi ndogo.

Kwenye sahani ya Kizanzibari kuna chuma cha aina mbili. Cha nyama, maini, samaki na pweza hupokelewa vizuri zaidi. Cha maharage, kunde, mchicha na kisamvu mara nyingi hakifiki asilimia 10. Pweza mbichi ana karibu miligramu 5 kwa kila gramu 100, yuko jirani kabisa na maini ya ng'ombe. Nyama ya ng'ombe ina kama nusu ya hapo. Jodari na kuku ni kama 1. Kwa hiyo mwenye kusema samaki wote ni sawa kwa damu anakosea: mchuzi wa pweza umeupita mbali mchuzi wa jodari. Maini ni mazuri lakini yana vitamini A nyingi, kwa hiyo mjamzito ayaepuke, na wengine mara moja kwa wiki inatosha.

Mboga zinaokolewa na jirani zake sahanini. Dagaa wachache ndani ya kisamvu husaidia chuma cha kisamvu chenyewe kupokelewa. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mchicha baada ya kuuepua, pera au embe baada ya chakula, nazo hufanya hivyo. Kinachoharibu ni chai na kahawa. Mbaazi za nazi asubuhi pamoja na chai ya rangi ni mlo mtamu, lakini chai hufunga sehemu kubwa ya chuma cha mbaazi. Si lazima uache chai. Badilisha ratiba: asubuhi chai na mandazi, ambayo hayana chuma kingi cha kupotea, mbaazi ziende usiku na kachumbari yenye ndimu. Chai isubiri saa moja hadi mbili baada ya mlo wenye chuma.

Rosela, biti na soda nyeusi iliyochanganywa na nyanya husifiwa kwa sababu ya rangi. Rangi nyekundu ni rangi tu. Biti haifiki miligramu 1 kwa gramu 100, na rosela ina viambata vinavyozuia chuma kama chai, kwa hiyo inywe kwa starehe, mbali na kidonge.

Vidonge kwa vidonge

Namba kubwa iliyoandikwa mbele ya boksi ni uzito wa chumvi nzima ya dawa. Chuma halisi ni sehemu yake tu:

| Kidonge | Uzito ulioandikwa | Chuma halisi |
|---|---|---|
| Ferasi salfati (kavu) | mg 200 | mg 65 |
| Ferasi fumarati | mg 200 | mg 65 |
| Ferasi glukonati | mg 300 | mg 35 |
| Polimaltosi ya chuma | huandikwa kwa chuma halisi | mara nyingi mg 100 |

FEFO ni chumvi ya ferasi, mara nyingi salfati, pamoja na asidi ya foliki, kwa kawaida ikiwa na chuma cha miligramu 60 au karibu na hapo. Ukitazama jedwali utaona kwamba kidonge rahisi kabisa hakizidiwi na fumarati ya bei kubwa. Kwa kijana asiye na tatizo jingine, tungeanza na salfati au FEFO, na tusingelipa zaidi ila kwa sababu.

Sababu ya kwanza ni tumbo. Glukonati huonekana laini, lakini ulaini wake mwingi unatokana na kuwa na chuma kidogo. Nusu ya dozi ya salfati ingekupa ulaini huohuo. Polimaltosi ni laini kweli na inaweza kumezwa na chakula, ila hupandisha HB polepole. Inamfaa aliyejaribu salfati kwa namna zote ikamshinda. Vidonge vyenye ganda maalumu la kuyeyuka taratibu tungeviacha: chuma hupokelewa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na vidonge hivi huachia mzigo wake baada ya kupita hapo. Havisumbui kwa sababu haviingii.

Kuhusu idadi, bado wapo wanaoandikiwa kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Baada ya dozi moja, ini hutoa hepsidini, kemikali inayofunga mlango wa chuma kwa karibu siku nzima. Kidonge cha pili na cha tatu hukuta mlango umefungwa, hubaki utumboni, na huko ndiko kichefuchefu na choo kigumu hutoka. Kimoja kwa siku kinatosha. Ukiona tumbo linakusumbua, meza siku moja uache moja. Kila kidonge kitapokelewa vizuri zaidi na tumbo litapumzika. Mwenye HB ya chini sana anayetaka ipande haraka abaki na kila siku.

Wakati mzuri ni tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada yake, kwa maji au juisi ya ndimu au chungwa. Usimeze kwa chai, maziwa au mtindi. Dawa za kutuliza asidi ya tumbo na vidonge vya kalsiamu huzuia chuma. Antibiotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini huzuiwa na chuma, kwa hiyo zitenganishe kwa saa mbili hadi tatu. Dawa ya tezi ya shingo, saa nne. Ukishindwa kabisa tumbo likiwa tupu, meza na chakula kidogo. Utapoteza sehemu ya chuma, lakini kidonge kilichomezwa na ndizi ni bora kuliko kilichoachwa kwenye droo.

Mwezi wa Ramadhani watu wengi huacha dawa hii bila sababu. Dozi ni moja tu kwa siku, na nafasi yake ipo: baada ya tarawehe, kama saa nne usiku, chai ya futari ikiwa imeshapita saa mbili. Daku haifai sana kwa sababu inafuatana na chai na uji wa maziwa, na kidonge kikikuletea kichefuchefu utashinda nacho mchana kutwa.

Choo kitakuwa cheusi. Hilo ni la kawaida na haliogopeshi, lakini choo cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu kali, pamoja na kizunguzungu, ni damu inayovuja tumboni, na hapo unakwenda hospitali. Choo kigumu kipe maji, papai na kupunguza siku za dozi kabla ya kufikiria kuacha.

Mpaka mmoja hauvukwi: usimpe mdogo wako vidonge vyako kwa sababu naye anaonekana mweupe. Pemba ndiko dunia ilikojifunza hili. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2006, lenye watoto zaidi ya 24,000 wa mwezi 1 hadi 35, lilikuta kwamba waliopewa chuma na foliki wote kwa jumla, bila kuchagua mwenye upungufu, katika mazingira yenye malaria nyingi ya wakati ule, walilazwa au kufariki zaidi kwa asilimia 12, na utoaji wa chuma ukasimamishwa kabla ya wakati. Waliokuwa na upungufu wa kweli walionekana kunufaika. Tena kopo lenyewe ni sumu: vidonge kumi vya miligramu 60 vinaweza kumuua mtoto wa kilo 10. Weka juu, na pafungwe.

Kidonge cha wiki mara moja, chenye chuma miligramu 60 na foliki 2.8, ni cha kinga kwa wasichana wanaopata hedhi. HB ikiwa 9, hicho hakilipi deni.

Sirapu

Inamfaa asiyeweza kumeza kidonge, basi. Nyingi ni za vitamini zenye chuma kidogo, na kiasi cha chuma kwa kijiko hutofautiana sana kutoka chupa hadi chupa. Mtu mzima anaweza kuhitaji vijiko vingi kufikia miligramu 60. Tafuta kwenye lebo chuma halisi kwa mililita 5 kabla ya kulipa. Tumia mrija na usukutue, la sivyo meno yatashika rangi.

Dripu na sindano

Dripu ya chuma si daraja la juu la kidonge kwa mwenye haraka. Inafaa pale vidonge vimeshindwa baada ya kujaribiwa kweli, pale utumbo haupokei, pale damu inatoka kwa kasi kuliko vidonge vinavyoweza kujaza, au kwa mjamzito aliyekwisha pita miezi mitatu ya kwanza na hana muda wa kusubiri.

Zinazolinganishwa mara nyingi ni mbili. Sukrosi ya chuma hutolewa miligramu 200 kwa mara moja, kwa hiyo yule msichana wa deni la 1,340 atahitaji safari saba. Kaboksimaltosi hutoa hadi 1,000 kwa dakika 15, na safari mbili zilizoachana kwa wiki humtosha. Ukiwa mjini na hospitali iko hatua chache, saba si tatizo. Ukitokea Kojani, kwa boti kisha gari mpaka Chake Chake, ongeza nauli na siku za kazi kwenye bei ya dawa kabla ya kusema sukrosi ndiyo rahisi. Uliza famasi ya hospitali wanayo ipi, kwa sababu mara nyingine hilo ndilo linaloamua. Kaboksimaltosi ikirudiwarudiwa inaweza kushusha fosfeti mwilini. Maumivu ya mifupa baada yake yasemwe.

Mwenye homa au maambukizi makali asubiri apone. Baada ya dripu kaa nusu saa ukiangaliwa, kwani mzio mkali ni nadra lakini hutokea. Ukihisi panauma pale sindano ilipoingia, sema papo hapo: chuma kikivuja nje ya mshipa huacha doa la kahawia kwenye ngozi linaloweza kudumu. Sindano ya tako tungeikataa. Inauma, huacha doa, na haishindi kidonge kwa lolote.

Kuongezewa damu ni jambo jingine kabisa. Ni kwa HB iliyo chini ya 7 pamoja na kukosa pumzi, maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, au damu inayotoka sasa hivi. Chupa moja hupandisha HB kama 1 na hubeba chuma miligramu 200 hadi 250. Kwa hiyo aliyetoka wodini na HB 9 bado anadaiwa, na vidonge vianze.

Panapovuja

Njia yoyote utakayochagua itashindwa kama tundu halijazibwa. Kwa wasichana, pa kwanza kutazama ni hedhi: pedi inayojaa ndani ya saa moja au mbili, siku zaidi ya saba, au mabonge makubwa. Asidi ya traneksamiki, gramu 1 mara tatu kwa siku kwa siku nne za damu nyingi, hupunguza bila homoni, ila haifai kwa aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni. Kitanzi chenye homoni hupunguza zaidi na kwa miaka. Kitanzi cha shaba hufanya kinyume, huongeza hedhi, na mwenye upungufu wa damu asikichague bila kulijua hilo.

Minyoo ya safura hunyonya damu kidogokidogo kila siku. Albendazoli miligramu 400 dozi moja huitoa, lakini ukirudi kutembea pekupeku kwenye udongo uliochafuliwa nayo hurudi. Kichocho cha mkojo, kinachojulikana vizuri Unguja na Pemba, hutoa damu kwenye mkojo. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo. Chunguza mkojo na choo kabla, si baada ya miezi mitatu ya vidonge.

Mwanamme kijana hana hedhi ya kulaumu. HB yake ikishuka kwa kukosa chuma, tafuta vidonda vya tumbo, bakteria wa tumbo, bawasiri, au mazoea ya diklofenaki kwa maumivu ya mgongo. Kumpa vidonge peke yake ni kulifunika tatizo.

Kupima tena

Baada ya wiki nne za vidonge HB inapaswa kupanda kwa karibu 2. Isipopanda, usibadilishe boksi kabla ya kuuliza kwa mpangilio: vinamezwa kweli? Vinamezwa na chai? Kuna dawa ya asidi ya tumbo katikati? Damu bado inatoka? Au haikuwa chuma tangu mwanzo? Maswali mawili ya kwanza hujibu wengi.

HB ikifika 12 au 13 watu wengi hutupa kopo, kwa kuwa kizunguzungu kimekwisha. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo: zile 500 za akiba ndizo zinazolipwa mwisho, na hazionekani kwenye HB. Endelea miezi mitatu zaidi, kisha pima feritini.